Atanarjuat: ukishayajua majina, muvi inafunguka

Mwanzoni kabisa mwa Atanarjuat, kabla hujajua nani ni nani, kuna mtu anasema wimbo huu mi naweza kumwimbia tu mtu anayeuelewa. Halafu mara uko ndani ya nyumba ya theluji, taa ya mafuta inawaka, watu wamevaa ngozi mpaka usoni, wanacheka, kuna mgeni kaja, mzee mmoja anakufa, dakika ishirini zinapita na hujajua umeona nini. Wengi niliowawekea hii muvi kwenye flashi waliishia hapo hapo, wakaniambia picha ni nzuri ila haieleweki, na ni ndefu, karibu masaa matatu. Mi naipenda sana na inaniuma kuona watu wanaiacha mlangoni, kwa hiyo leo naielezea taratibu. Nitasimulia mpaka mwisho, kama hutaki kujua kinachotokea nenda kaione kwanza.

Kwanza yenyewe ni nini. Ni filamu ya 2001 kutoka Igloolik, kijiji kilichoko kisiwani kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye jimbo la Nunavut. Nunavut lenyewe ni kubwa, zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima, lakini wakazi wake hawafiki hata elfu hamsini. Wenyeji ni Wainuit (wengi tumekua tukisikia "Waeskimo", ila kwa Wainuit wa Kanada hilo ni jina walilobandikwa na watu wengine na hawalipendi). Dairekta ni Zacharias Kunuk, skripti imeandikwa na Paul Apak Angilirq, kamera ni Norman Cohn aliyetoka New York akahamia kule kufanya kazi nao. Hii ndo filamu ndefu ya kwanza kabisa kuandikwa, kuongozwa na kuigizwa yote kwa Kiinuktitut, lugha yao. Hadithi sio ya kutunga, ni ngano ya kale ya hapo hapo Igloolik, ambayo mama yake Kunuk alikuwa anawasimulia watoto wake usiku wakilala kama sisi tulivyosimuliwa za sungura na fisi.

Na hapo ndo ugumu unapoanzia. Watu wa Igloolik wameikuta hii hadithi tangu wako mgongoni mwa mama zao. Wanajua Atanarjuat ni nani kabla hajatokea kwenye skrini, kwa hiyo muvi haikuoneshi kwa kidole kwamba huyu ni shujaa na yule mbaya. Imetengenezwa kwanza kwa ajili yao, sisi wengine tumekaribishwa kukaa na kusikiliza. Ukiichukulia hivo, ukakubali kwamba umeingia sebuleni kwa watu katikati ya mazungumzo yao ya ukoo, unaacha kukasirika na unaanza kusikiliza.

Sasa twende kwenye ukoo wenyewe, maana bila huo huelewi kitu. Kuna mzee anaitwa Kumaglak, ndo kiongozi wa kambi, mke wake ni Panikpak. Mtoto wao ni Sauri. Sauri naye ana watoto, wawili wa kuwakumbuka ni Oki, kijana mwenye hasira, na dada yake Puja, mrembo anayependa kudeka. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili kuna Tulimaq, mwenye watoto wawili wa kiume, Amaqjuaq ambaye ana nguvu na Atanarjuat ambaye ana mbio. Katikati yuko Atuat, binti aliyechumbiwa Oki tangu mdogo lakini moyo wake uko kwa Atanarjuat. Na mbali, nje ya kambi, yuko Qulitalik, kaka yake Panikpak, ambaye aliondoka zamani na mke wake baada ya mambo kuharibika, akaahidi kwamba dada yake akimwita atasikia. Basi, ukiwa na hao kichwani umeshapita nusu ya ugumu.

Nusu nyingine ni majina, na hapa naomba tukae kidogo.

Utamsikia Panikpak, bibi kizee, akimwita Atuat mama yake. Sio kwa utani. Kwenye maandishi ya chini wanatafsiri kama mama mdogo, ila ukiisikia Kiswahili usiichukulie ya kwetu ile ya mdogo wake mama, yeye anamaanisha mama yangu aliyenizaa, sema sasa hivi kaja akiwa mdogo. Sababu ni kwamba Atuat amepewa jina la mama yake Panikpak. Kwa Wainuit jina linabeba mtu. Mtu akifa jina lake linakuwa halina pa kukaa mpaka apewe mtoto atakayezaliwa, na akishapewa, sehemu ya yule marehemu imerudi, kwa hiyo ndugu wa marehemu wanamwita mtoto kwa uhusiano ule ule waliokuwa nao na marehemu. Kama alikuwa mume wako, mtoto mchanga ni mume wako. Kama alikuwa mama yako, kasichana ka miaka mitatu ni mama yako, unakaheshimu na hukakaripii ovyo. Na majina yenyewe hayana ya kike wala ya kiume, mtoto wa kiume anaweza kabisa kuwa na jina la bibi.

Kwetu hili sio geni hata kidogo. Watoto wanapewa majina ya babu na bibi, Wakikuyu wana utaratibu wao kabisa wa mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la baba yake baba, na nani hajawahi kumsikia bibi akimwita mjukuu "mume wangu"? Tuna mpaka neno wajina, na wajina wako sio mtu baki. Tofauti ni kwamba kwa Wainuit jambo linaenda mbali zaidi, ndo nguzo inayoshikilia ukoo mzima, hata watu wasio na damu moja wanaunganishwa na jina.

Sasa rudi kwenye muvi na hiyo akilini. Kumaglak anakufa mwanzoni. Miaka inapita, Atuat anazaa mtoto wa kiume, anapewa jina la Kumaglak. Unaona kilichotokea? Mama yake Panikpak kamzaa mume wake Panikpak. Yule bibi aliyebaki mjane kwenye kambi iliyooza, watu wake wawili aliowapenda kuliko wote wamerudi na wamekaa mbele yake, mmoja amembeba mwenzake mgongoni ndani ya mfuko wa koti la ngozi. Kila anapomwangalia yule mtoto macho yake yanabadilika, na kama hujui habari ya majina utadhani ni bibi tu anampenda mjukuu. Mi mara ya kwanza nilipita hapo bila kushtuka, mara ya pili nilisimamisha muvi.

Na ndo maana pia chuki ya Oki kwa Atuat inatisha kuliko inavyoonekana. Hampigi na kumdhalilisha mwanamke aliyemkataa tu, anamgusa mama wa bibi yake mwenyewe.

Halafu kuna yule mgeni. Anaitwa Tungajuaq, ni mganga, amekuja kambini akapokelewa vizuri kama mgeni yeyote. Wainuit walikuwa na waganga wao, wanaitwa angakkuq, wenye pepo wasaidizi, na kazi yao ilikuwa kuponya, kutafuta wanyama wamejificha wapi, kuzungumza na upande usioonekana. Wengine waliutumia vibaya. Mgeni huyu anashindana na Kumaglak mashindano ya uganga, wote wamefungwa kamba, watu wanaangalia, na Kumaglak anaanguka, anakufa. Mkufu wake wa meno ya walrasi (mnyama mkubwa wa bahari za baridi), ule wa uongozi, unatoka shingoni kwake na kuvalishwa Sauri, mtoto wake. Muvi haikuambii wazi Sauri alijua nini au alikubali nini. Inakuonesha uso wake tu. Panikpak anasema ule ubaya uliwajia kama kifo kinavyokuja, ulitokea tu na wakalazimika kuishi nao.

Mi hapa naona ndo akili ya hii hadithi. Ingekuwa muvi za kawaida tungetafutiwa mtu mbaya mmoja, tungempiga, tungeenda kulala. Hapa ubaya umeingia kambini kama ugonjwa na ukakaa kwa vizazi viwili, unapita kwa Sauri unaingia kwa Oki na Puja, na kila mmoja ana nafasi ya kuukataa lakini haukatai. Angalia nyama inavyogawanywa. Kambi ya wawindaji inaishi kwa kugawana, mwindaji mmoja akipata walrasi kambi nzima inakula, na kiongozi mzuri unamjua kwa mgao wake. Sauri akishakuwa kiongozi, Tulimaq anachekwa, anapewa mabaki, na Panikpak inabidi apeleke nyama kwa siri kwa wale watoto wasife njaa. Hakuna hotuba yoyote, ni kipande cha nyama tu, lakini kwa mtu wa kule hiyo scene inatosha kukwambia kwamba jamii imevunjika, na ukifikiria wali wa msiba unavyogawiwa kwetu na watu wanavyokumbuka miaka kumi nani alinyimwa, utaelewa mara moja.

Wale watoto wawili wakakua wakawa wawindaji wazuri, wakaanza kuleta nyama wao, na wivu ukaanza. Kuhusu Atuat, Oki na Atanarjuat wanaamua kwa kupigana ngumi, lakini sio kama tunavyojua, kila mtu anasimama anapigwa panja zamu yake, bila kukwepa, unapiga unapigwa, mpaka mmoja adondoke. Inafanyika hadharani ndani ya nyumba kubwa ya theluji, wimbo unaimbwa, bibi yupo, watoto wapo. Atanarjuat anashinda, anamchukua Atuat. Kwa sheria ya kambi ishu ilikuwa imeisha hapo, Oki ndo hakuacha iishe.

Kuna kitu watu huwa wananiuliza, kwa nini sasa Atanarjuat akaoa mke wa pili, tena Puja, tena dada yake adui? Jibu linaanzia kwenye kazi. Msimu wa kwenda kuwinda karibuu, wale wanyama wakubwa wenye pembe wa nchi za baridi ambao ngozi zao ndo nguo za msimu wa baridi, Atuat alikuwa mjamzito. Mwindaji kule haendi peke yake, sio kwa sababu ya uvivu, ni kwa sababu nguo zilizoshonwa vibaya ni kifo. Mwanamke ndo anakausha ngozi, anazilainisha, anashona viatu visivyopitisha maji, anatunza ile taa ya jiwe inayowaka kwa mafuta ya sili ambayo ndo jiko, ndo hita, ndo mwanga. Bila sindano ya mwanamke mkuki wa mwanaume hauna maana. Kwa hiyo kuchukua msaidizi safarini lilikuwa jambo la kawaida, na akiwa kwa kina Sauri akashawishiwa amchukue Puja, na safarini mambo yakawa mengine, akarudi akiwa mke. Huko ndo kuna kosa la Atanarjuat, na muvi haimfichi, shujaa wetu ana udhaifu na analipia.

Uke wenza ukaanza na shida zake zile zile zinazojulikana Tanga, Mombasa na Zanzibar, mmoja anashinda anashona mwingine anashinda anachana nywele. Wanalala wote hema moja, ndugu wawili na wake zao. Usiku mmoja Puja anakutwa na Amaqjuaq, shemeji yake, ndani ya hema hilo hilo watu wamelala. Kelele, kipigo, Puja anakimbilia kwao na kusema Atanarjuat alitaka kumuua. Kisha anarudi akilia, anaomba msamaha, anasamehewa. Na siku wanaume wamelala wamechoka, wake wenzake hawapo karibu, anaweka alama nje ya hema kuonesha walipolala, anaondoka. Oki na wenzake wawili wanakuja kimya kimya, wanaliangusha hema juu ya waliolala na kuanza kuchoma mikuki kupitia ngozi.

Amaqjuaq anakufa pale. Nguvu zake zote hazikumsaidia. Atanarjuat anachomoka uchi wa mnyama, hana kiatu, hana chochote, na anakimbia juu ya barafu ya bahari.

Hii ndo scene ambayo hata watu wasiojua jina la muvi wameshaiona kipande. Ni majira ya kuchipua, jua haliondoki, barafu imeanza kuyeyuka, juu yake kuna madimbwi ya maji ya samawati, na mtu mmoja anakimbia nyuma yake wanaume watatu wamevaa kamili. Natar Ungalaaq, aliyeigiza, yuko uchi kweli kwenye barafu ya kweli. Nyayo zinaacha damu. Mbele kuna mpasuko mpana wa maji, anaruka, anavuka, wale wanasimama. Kamera haikimbii kimbii ovyo, inakuonesha ukubwa wa ile nchi na udogo wa mwili. Unasikia pumzi na miguu ikigonga maji.

Anaokolewa na nani? Na Qulitalik, yule kaka yake Panikpak aliyeondoka zamani, anayeishi mbali na familia yake. Oki anapofika kumtafuta, wamemficha Atanarjuat chini ya mwani ufukweni, na Oki anasimama karibu kabisa anaongea. Hapo ndo unajua kwa nini Qulitalik aliondoka mwanzoni mwa muvi. Ngano haimpotezi mtu, kila aliyeondoka aliwekwa mahali kwa ajili ya siku yake.

Wakati huo kule kambini Oki kambaka Atuat, na wakiwa porini kamuua baba yake mwenyewe Sauri, akasema kaangukia kisu. Kwa hiyo kile kilichoanza na mwana kuvaa mkufu wa baba kimezaa mwana kumuua baba. Panikpak anaona yote. Na yeye ndo anamwita kaka yake, sio kwa barua wala kwa mtu, anaita kwa njia zao, na Qulitalik anasikia.

Kurudi kwao ni kwa baridi, barafu imeshika tena, na hapa kuna kitu kidogo ambacho watu wanakiruka: sungura. Qulitalik anatumia uganga wake, Oki anamkamata sungura kwa mikono, anamla, na ghafla anakuwa mchangamfu, anacheka, kasahau uhasama wote. Adui anapokelewa na tabasamu. Atanarjuat anamvalisha Atuat nguo mpya badala ya matambara aliyoachiwa, Puja anamkataa. Halafu anajenga nyumba ya theluji, sakafu yake ameilainisha mpaka ikawa kama kioo, anawaalika Oki na wenzake, na yeye kafunga vipande vya pembe za karibuu chini ya viatu. Wao wanateleza, yeye hatelezi.

Kwenye ngano jinsi wazee walivyoisimulia, hapo anawapiga rungu mpaka wanakufa. Kisasi kimekamilika, wimbo umeisha. Kwenye muvi anamlaza Oki chini, ananyanyua rungu, analishusha kwenye barafu pembeni ya kichwa chake, na anasema mauaji yanaishia hapa.

Kunuk alishaeleza kwamba walibadilisha makusudi, kwamba kila kizazi kina namna yake ya kuisimulia na kwamba kuua hakutatui kitu. Kuna watu wanaona hapo wameiharibu ngano, kwamba wamelainisha kwa ajili ya watazamaji wa mjini. Mi sikubaliani kabisa. Kama ugonjwa wenyewe ni ubaya unaopita kutoka mkono hadi mkono, Atanarjuat akimuua Oki atakuwa kaupokea. Angevaa mkufu ule ule. Ile hadithi ya mwanzo, ya mgeni na mzee aliyekufa, ndo inayodai huu mwisho, na Apak aliyeandika skripti aliliona hilo.

Na hukumu haikai mikononi mwa shujaa. Usiku ule wanakusanyika wote, Qulitalik na Panikpak wanaufukuza ule ubaya, yule mganga mgeni anatokea na kushindwa, kisha Panikpak anasimama. Anasema wamesamehewa, lakini Oki, Puja na wenzao waondoke, wasirudi tena. Hao ni wajukuu zake wa damu. Bibi anawafukuza wajukuu zake ili kambi iishi, na pembeni yake kuna mtoto mdogo mwenye jina la mume wake. Kufukuzwa kule sio jambo dogo pia, nchi ile peke yenu ni adhabu nzito kuliko jela. Halafu wanaimba wimbo wa Kumaglak, ule wa mwanzoni, na safari hii na wewe unauelewa.

Sasa niseme kidogo ilivyotengenezwa, maana ina uzito wake. Kunuk alizaliwa 1957 kwenye nyumba ya udongo na nyasi mahali panaitwa Kapuivik, familia yao ikihama hama kwa kuwinda. Akiwa na miaka tisa akapelekwa Igloolik shuleni. Alikuwa anachonga vinyago vya mawe apate hela ya kiingilio kwenye ukumbi, kuangalia muvi za makauboi za John Wayne. Igloolik walipiga kura kukataa televisheni mara mbili, 1975 na 1979, kwa sababu hapakuwa na kipindi hata kimoja kwa lugha yao, wakaikubali tu 1983 baada ya Wainuit kuwa na kituo chao cha kurusha. Kunuk alikuwa ameshauza vinyago Montreal 1981 na kununua kamera yake ya kwanza ya video. 1990 wakaanzisha kampuni yao, Isuma, neno lenye maana ya fikra, akili ya mtu.

Apak alirekodi wazee wanane, kila mmoja akasimulia ngano anavyoijua, akaziunganisha. Skripti ikabidi iandikwe lugha mbili, Kiinuktitut kwa waigizaji na Kiingereza kwa watoa hela. Na hela ikawa vita. Kanada ilikuwa na mfuko mkubwa wa filamu za Kiingereza na Kifaransa, na kamfuko kadogo kwa filamu za lugha za wenyeji, haijalishi unatengeneza kipindi cha nusu saa au filamu ya masaa matatu. Walianza kupiga picha 1998 wakakwama, wakapigana na hiyo sheria, wakaendelea 1999, mwaka ule ule Nunavut ilipozaliwa rasmi tarehe 1 Aprili. Apak hakuiona, saratani ilimchukua 1998. Bajeti nzima ilikuwa kama dola milioni mbili za Kanada, na sehemu kubwa ilibaki kwenye mifuko ya watu wa pale, washonaji, waigizaji, wawindaji waliolisha timu. 2001 ikapata Caméra d'Or kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, tuzo ya filamu ya kwanza bora ya dairekta, na 2015 kura ya tamasha la Toronto ikaiweka namba moja kwenye filamu zote za Kanada za wakati wote.

Nguo ulizoziona zilishonwa kwa kukumbuka. Wamisheni walishapita na kukataza ngoma, nyimbo za zamani, chale za usoni, uganga, na serikali ikawahamishia watu vijijini. Kwa hiyo wamama wa Igloolik waliwauliza wazee na wakarudi pia kwenye michoro ya Kapteni George Lyon, Mwingereza aliyekaa pale majira ya baridi ya 1822 kuingia 1823 na meli za mvumbuzi Mwingereza Parry. Fikiria, mchoro wa mgeni aliyekwama kwenye barafu unakuja kusaidia mjukuu wa vitukuu kushona koti la bibi yake.

Na nirudi kwenye majina, maana kuna jambo muvi haiitaji lakini mtu wa Igloolik analo kichwani. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya Kanada ilishindwa kuelewa watu wenye jina moja tu, lisilo la kike wala la kiume, lisilo la ukoo. Ikawapa namba. Kila Mwinuit alipewa kidude cha duara cha kuvaa shingoni, kimeandikwa E kwa wa mashariki au W kwa wa magharibi na tarakimu, na ndo namna alivyotambulika hospitali na ofisini. Ilikwenda hivyo mpaka karibu 1970, alipotumwa Abe Okpik, Mwinuit, kuzunguka kambi hadi kambi kuwauliza watu wachague jina la ukoo. Watu waliokaa kuitengeneza Atanarjuat wengi walizaliwa enzi za namba. Ukilijua hilo, bibi kumwita binti mdogo "mama yangu" mbele ya kamera, kwa lugha yake, bila kumfafanulia mtu yeyote, inakuwa na uzito mwingine kabisa.

Nakuomba tu ukiiangalia usiizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Hapo ndo wanakuonesha timu yenyewe ikifanya kazi: kamera imefungwa juu ya sleji, kile chombo cha kuteleza kwenye theluji, inasukumwa kwenye barafu ikimfuata Atanarjuat anakimbia, watu wamevaa miwani ya jua na makoti ya dukani, yule Oki aliyekutisha masaa matatu kavaa jaketi la ngozi na hedifoni. Ndo wale wale, miaka yetu hii.